Maji ya Chemchemi kwenye Rejeta

Nilinunua gari kwa sababu ya goti la mke wangu. Watu wa Lukozi walisema mengine. Walisema fundi cherehani kazeeka na sasa anataka aitwe mheshimiwa, walisema nimewaona madereva wa kabichi wakipita mbele ya kibanda changu mpaka nikaingiwa na tamaa. Niliwaacha waseme. Nimeshona sare za shule na suti za harusi pale sokoni kwa zaidi ya miaka thelathini, na mdomo wa soko naujua. Leo wana gari langu la kusema, kesho watapata la mwingine.

Mke wangu alikwenda Dar es Salaam kwa siku arobaini. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amejifungua, na kwetu mama ndiye anayekwenda kumkanda mzazi, kumpikia uji na kumwogesha mtoto mpaka mwenyewe apate nguvu. Alifunga mzigo wa viazi, karoti, chupa mbili za asali na kanga zake zote isipokuwa moja, ile ya kazi, ambayo ilibaki imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Aliniachia maharage yaliyochambuliwa ya kunitosha mwezi mmoja na nusu. Aliyapima kwa kopo mbele yangu ili nisije kusema yamepungua.

Siku arobaini zikaisha. Binti akarudi kazini, msichana wa kazi waliyempata akakaa wiki mbili akaondoka bila kuaga, na mke wangu akanipigia simu kuniuliza kama naweza kuvumilia kidogo. Nikamwambia, "Kaa tu, Mama. Mimi niko sawa." Yule mtoto sasa anakimbia, na kwenye simu ananiita babu. Miaka miwili imepita na ya tatu imeanza.

Sikuwa sawa hata siku moja. Mkono wangu uliendelea kupima unga wa watu wawili, na kila jioni nikabaki na nusu ya ugali ambayo kesho yake niliwapa kuku. Usiku nililala upande wangu wa kitanda, ukutani, kama vile kuna mtu angekuja kulala upande wa pili. Mwezi wa saba ukungu unapoingia mpaka ndani ya nyumba na nguo zote zinanuka unyevu, nilikuwa nakaa jikoni karibu na moto nikizungumza na paka, na paka mwenyewe hakuwa wangu. Kanisani wanawake wenzake waliniuliza, "Mama hajambo huko?" Nikawajibu, "Hajambo, anawasalimu sana." Nikawa nawafikishia salamu ambazo hakunituma.

Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia. Aliniuliza nimekula nini, mahindi yamefikia wapi, nani kafa, nani kaoa. Mwisho aliniuliza, "Lakini uko sawa, Baba?" Na mimi nikajibu niko sawa. Sijui kwa nini. Nadhani niliona aibu mtu mzima wa miaka sitini na tatu kumlilia mke kwenye simu, tena huku mkwe anasikia. Mara chache niligusia habari ya kurudi, kwa mbali sana, kwa kusema labda mparachichi wake umezaa. Yeye alitaja goti. Goti la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua, na kutoka barabara kubwa mpaka kwetu ni bodaboda, kisha kuteremka kwa miguu kwenye kijia chenye mawe. "Pale kwetu bila gari ni shida," alisema.

Nikalishika neno hilo moja, nikasahau yote mengine. Niliuza miti yangu ya mbao ya kule bondeni, na mtumishi mmoja wa serikali aliyepata uhamisho kutoka Lushoto akaniuzia gari lake, kigari kifupi cha milango mitatu, chenye matairi magumu ya milimani, kilichotembea miaka mingi kabla hakijanifikia. Kuendesha nilijua. Ujanani, kabla sijashika cherehani, nilikuwa dereva wa lori la mboga kwa misimu miwili, na mikono haikusahau. Kijia cha kwenda kwetu nilikipanua kwa jembe na sururu mpaka gari likafika mlangoni. Kisha nikampigia simu mke wangu, safari hii mimi ndiye nikampigia, nikamwambia kuna gari. Akasema, "Hongera, Baba. Basi nitakuja." Akataja Jumamosi ya wiki ya tatu kutoka siku ile.

Nilisikia "nitakuja", nikaelewa "narudi".

Basi la Dar es Salaam lingeweza kumfikisha mpaka Lushoto mjini. Nilimkatalia. Nilimwambia ashuke Mombo, kule chini kwenye joto, nami nitampokea pale nimpandishe mlima kwa gari letu. Nilitaka apite mji mdogo wa Soni akiwa amekaa kiti cha mbele kama mke wa mtu. Ujinga wenyewe ulianzia hapo, ila wakati ule niliuona ni mapenzi, na hata sasa sijaacha kabisa kuuona hivyo.

Gari nililipeleka kwanza gereji Lushoto, kwa fundi mmoja rika langu ambaye ovaroli zake nazishona mimi. Kwa kuwa wote wawili ni mafundi, tunaitana hivyo hivyo, fundi kwa fundi, na kila mmoja anaamini kazi ya mwenzake ni nyepesi. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kati ya vidole viwili, akainusa. Akafungua kifuniko cha juu ya injini, akamulika kwa tochi. Ndani kulikuwa na tope jeusi limeganda kama masizi ya sufuria. Akafungua rejeta, nalo likaonekana jambo jingine: maji yalikuwa ya kahawia, rangi ya mto wakati wa masika.

"Mwenyewe alikuwa anaweka nini humu?" akaniuliza.

"Sikumuuliza."

"Uliuliza rangi ya viti."

Nilimwambia nataka lisafishwe lote. Dereva wa lori la kabichi anayepaki karibu na kibanda changu alikuwa amenieleza namna: unamwaga oili chafu, unatia dizeli kwenye injini, unaiwasha inguruma kidogo, unamwaga, kisha unatia oili mpya, ndani kunabaki kunang'aa. Na rejeta unaisukuma kwa maji ya presha na sabuni ya unga mpaka yatoke meupe. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho huku akijifuta mikono.

"Gari hili umelijua tangu lini?"

"Wiki iliyopita."

"Basi usiliogeshe kwa nguvu kabla hamjazoeana."

Akanieleza taratibu, na lazima niseme kwamba alieleza vizuri. Tope lile limekaa miaka. Ukitia dizeli litabanduka kwa mkupuo mmoja, litateremka kuziba kichujio kilicho chini kabisa, oili itashindwa kupanda, na injini itakufa ikiwa safi. Afadhali tumwage oili, tuweke mpya na filta mpya, nitembee wiki chache, tumwage tena mapema kuliko kawaida, na tena, uchafu utoke kidogo kidogo. Rejeta nayo ni ya zamani, na kutu iliyomo huenda ndiyo inayoziba matundu. Yeye angemwaga maji yale polepole, aweke yale maji ya rangi ya kijani ya dukani wanayoyaita kulanti, ambayo hayaleti kutu na hayachemki upesi. Kama nilitaka isafishwe kweli, basi aishushe, aipime, na kama imetoboka tulijue hilo tukiwa gereji.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki mbili, au zaidi. Vifaa vingine mpaka niagize Tanga."

Hesabu ya siku haikunipa nafasi hiyo. Nikakubali habari ya oili. Habari ya kulanti nilikubali kwa mdomo tu, kwa sababu moyoni nilikuwa nacheka. Mimi mtu wa kule juu, ambako maji yanatoka kwenye mwamba, baridi, matamu, watu wa Tanga mjini wakija wanajaza madumu kwenda nayo, leo ninunue maji ya dukani nilishe gari?

Nadhani fundi aliusoma uso wangu. "Nyie watu wa juu mnajiona sana na maji yenu," akasema.

"Maji yetu hayana hata chumvi."

"Chuma hakijui utamu, fundi."

Nikalichukua gari na kulanti yake ndani, nikarudi nalo nyumbani.

Wiki ile ya mwisho nilishikwa na wazimu wa usafi. Nilipaka nyumba chokaa ndani na nje. Nilitoa nje vikapu vilivyotoboka, kinu kilichopasuka, sufuria nyeusi aliyokuwa akichemshia maharage, nikazitupa zote shimoni. Nilifua mapazia, nikafua blanketi, nikaitoa ile kanga ya kazi pale nyuma ya mlango, nikaifua kwa sabuni nyingi, nikaipiga pasi kwa pasi ya kibandani, nikaikunja sandukuni. Majirani walipita wakasema wanaona kuna harusi. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu baadaye ni rahisi kusahau kwamba nilikuwa na furaha.

Alhamisi nikafungua rejeta kuangalia. Ile kulanti ya kijani ilikuwa imeshachafuka, imekuwa rangi ya majani yaliyooza. Nilisimama pale na kifuniko mkononi, nikaona haiwezekani. Nyumba nzima inang'aa, halafu gari lenyewe litakalomleta lina tope tumboni? Maji ya kwetu yanateremka kwa mpira kutoka chemchemi iliyo juu ya shamba, na kwa sababu ya mlima yana nguvu ya kuchimba shimo ardhini. Nikafungua mfuniko wa chini, nikatia sabuni ya unga juu, nikachomeka mpira. Yakatoka matope, yakatoka magamba ya kutu mapana kama kucha, yakatoka maji ya chai, kisha ya chai nyepesi. Sikuacha mpaka yalipotoka maji ambayo ningeweza kuyanywa. Nikafunga chini, nikajaza maji ya chemchemi mpaka juu, nikawasha injini, nikaisikiliza nikiwa nimeweka mikono kiunoni.

Kinachoniudhi ni kwamba nilikuwa najua. Kwa nguo nilikuwa najua. Mtu akiniletea koti la marehemu baba yake nilipunguze mikono, namkataza kabisa kulifua kwanza kwa brashi, maana uzi uliochoka unashikwa na vumbi lake mwenyewe, ukilitoa lote kwa mara moja koti linaachia kwenye mishono. Nimewaambia watu hivyo mara nyingi kwa sauti ya mjuzi. Kwa chuma sikufikiri. Nilikuwa na haraka ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu.

Jumamosi nikateremka Mombo mapema. Nililaza viti vya nyuma ili mizigo yake ipate nafasi, nikatandika gunia safi. Kwenye mteremko gari halitumii nguvu, hivyo likanyenyekea mpaka chini. Basi lilipofika nilikuwa nimesimama kivulini zaidi ya saa moja na shati limenilowa. Akashuka kwa kushika mlango, akitanguliza mguu wa kushoto. Alikuwa na gauni nisilolijua. Tukasalimiana kwa mikono, kama tunavyofanya watu wa kwetu mbele za watu.

"Umekonda, Baba."

"Wewe je, umenenepa."

Akacheka. Nikazunguka nyuma ya basi nikasubiri utingo afungue buti. Utingo akaniangalia, nami nikamwangalia. Mke wangu akaniita. Mkononi alishika mkoba mmoja mdogo wa zipu, wa nguo tatu au nne.

"Ni huu tu," akasema.

Niliupokea, nikauweka nyuma, peke yake juu ya gunia. Nilifunga mlango wa gari polepole. Palepale nilielewa yote, na wala sikumuuliza chochote.

Tulipoanza kupanda, kila kona mkoba ule ulikuwa unateleza upande mmoja, kona inayofuata unateleza upande wa pili. Niliusikia kuliko nilivyoisikia injini. Mke wangu alikuwa akisimulia habari za mjukuu: hataki maziwa, anataka chai ya rangi, analala akiwa ameshika sikio la bibi yake. Alisimulia vizuri, na mimi niliitikia, huku nikimwonea wivu mtoto wa miaka miwili. Mkono wa kile kipima joto ulikuwa umepita katikati. Nilidhani ni joto la Mombo, nikasema moyoni tukifika kwenye hewa ya baridi utashuka. Haukushuka. Chini ya Soni, kwenye kona ambapo barabara imebanwa kati ya mwamba na korongo, moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye boneti na gari likanuka chuma cha moto.

Nikasimama pembeni. Nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikamfungulia mke wangu mlango, nikamwambia tusubiri lipoe maana ukifungua rejeta ikiwa hivyo inakuunguza uso. Tukakaa juu ya jiwe, yeye amenyoosha mguu wa kulia. Chini ya gari maji yalikuwa yanadondoka, tone kwa tone kwanza, kisha mfululizo, yakitiririka kwenye lami na kukauka kabla hayajafika mbali. Yalikuwa meupe, safi kabisa.

"Uliweka nini humo?" akaniuliza. Tulikuwa tunaongea Kishambaa, kama tunavyoongea tukiwa wawili.

"Maji ya nyumbani."

"Ya kwenye mpira?"

"Ya kwenye mpira."

Akacheka tena, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. Kicheko chake ndicho kilichonitoa. Kama angekuwa ameninunia, ningenyamaza mpaka Lukozi.

"Umekuja kwa siku ngapi, Mama?"

"Wiki mbili. Binti amepewa ruhusa ya wiki mbili tu."

"Mimi nilidhani unarudi."

"Uliniambia nirudi?"

"Nimenunua gari."

"Gari nimeliona. Nakuuliza kama uliniambia nirudi."

Aliangalia korongoni, hakuniangalia mimi, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia chumvi. "Kila Jumapili nilikuuliza kama uko sawa. Kila Jumapili ukasema uko sawa. Huku nina mtoto analia anataka nimbebe, huku nina mtu aliye sawa. Ungekuwa wewe, Baba, ungekaa na yupi?"

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilikuwa tayari, fupi tu. Lakini lori la mahindi likasimama, dereva akateremka na dumu la maji, akasema pole wazee, na mimi nikainuka upesi kama mtu aliyeokolewa. Tukaanza habari za rejeta. Dereva yule akanishauri nisiharakishe, niende nikijaza, nisimame Soni, nisimame tena mbele. Alipoondoka, tulikwenda hivyo hivyo, mwendo wa maiti, mimi nikijaza maji, mke wangu akiangalia kipima joto na kunitajia kila mkono wake ukipanda. Neno halikusemwa.

Lushoto, fundi alilisikia gari kabla hajaliona. Alimsalimu mke wangu, akampa kigoda akae, ndipo akainama chini.

"Uliisukuma?"

"Niliisukuma."

"Kwa mpira wa mlimani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikutarajia, lakini hakunicheka. Alisema kutu yote imetoka na matundu yamebaki wazi, manne au matano, na kwamba bahati yangu injini haikuungua, nimesimama mapema. Gari likabaki kwake. Tukapanda bodaboda mbili. Yake ilitangulia, na njia nzima, kupita msitu wa Magamba na ukungu wake, nilikuwa naangalia mgongo wake na ule mkoba aliojifunga begani, na goti lile alilokuwa amelitoa nje kidogo kwa sababu lilikuwa linamuuma. Kile kijia nilichokipanua kwa sururu alikiteremka kwa miguu, akinishika bega.

Ndani ya nyumba alisimama katikati ya chumba. Aliangalia chokaa, akaangalia mapazia. Aliingia jikoni akatafuta sufuria yake. Akarudi, akaufunga mlango kidogo, akatazama nyuma yake. Pale palikuwa na msumari mtupu.

"Kanga yangu iko wapi?"

"Nimeifua. Iko sandukuni."

"Nani alikwambia uifue?" Hakuwa na hasira. Alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu. "Pamekuwa kama gesti, Baba. Kama hapajawahi kukaa mtu."

Nilitoka nje kufunga kuku ambao walikuwa wameshafungwa.

Zile wiki mbili hata hivyo zilikuwa nzuri. Alipika, nami nikala chakula cha moto. Alikwenda shimoni akaiokoa sufuria yake, akaisugua upande wa ndani tu. Jioni nilimkanda goti kwa maji ya moto na majani, na tukazungumza habari nyingi, isipokuwa ile. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza jirani akabisha hodi, mara ya pili hakubisha mtu, nilishindwa mwenyewe. Fundi alishusha rejeta, akaichomelea, akaipima, akaweka kulanti yake ya kijani, akaniapisha nisiiguse.

Siku ya kuondoka gari lilitembea kama jipya. Lilipita ile kona yetu bila hata kukohoa, kipima joto kimetulia katikati, na mimi nikaliapiza kimoyomoyo. Sasa ndiyo unapona? Safari hii mkoba haukuteleza. Alikuwa ameupakata.

Mombo basi lilikuwa linanguruma, utingo anapiga ubavu wa gari kwa kiganja kuharakisha abiria. Akanipa mkono kuaga. Nikaushika, sikuuachia.

"Mama, mimi siko sawa," nikasema. Ilibidi niseme kwa sauti kubwa kwa sababu ya injini, tena nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu ule uongo wa kila Jumapili nao nilikuwa nausema kwa Kiswahili, kwa ajili ya mkwe. Watu wa dirishani wakageuka. "Sijawa sawa tangu ulipoondoka. Rudi nyumbani."

Utingo mwenyewe alishusha kiganja.

"Ungeyasema haya kule kwenye kona," mke wangu akasema, "ningekuwa nimeshayafikiri kwa wiki mbili."

"Na sasa?"

"Sasa ndiyo naanza."

Akapanda, akitanguliza mguu wa kushoto.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Tangu hapo nimemwaga oili mara mbili. Mara ya kwanza ilitoka nyeusi kama lami, ya pili ikatoka nyeusi lakini ukiimulika unaona mwanga. Fundi alinionyesha kwenye karai, na mimi sikumpa nafasi ya kusema. Jumapili mke wangu bado ananipigia. Akiniuliza kama niko sawa namwambia siko sawa, namwambia nimekula ugali wa jana, namwambia paka kahama. Jumapili iliyopita alisema binti anaulizia shule ya chekechea, kuna moja karibu na kazini kwake, lakini wanapokea watoto wa kuanzia miaka mitatu. Nikauliza mtoto anatimiza lini, kana kwamba sijui.

Viti vya nyuma vya gari bado nimevilaza. Na ile kanga, kabla hajaondoka aliitoa sandukuni, akaivaa wiki mbili zote jikoni na shambani, asubuhi ya safari akaitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Ina moshi, ina doa la maharage pembeni. Sijaifua.